Acha Kukariri eIF kwa Namba

Juzi mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili kaniandikia: "Kaka, hizi eIF ni nyingi, zote namba tu, na pepa ni Jumatatu." Anazungumzia protini zinazoiwezesha ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, ianze kusoma mRNA, yaani nakala ya maelekezo ya jeni. Nikamkumbuka mhadhiri aliyeniambia mbele ya darasa zima kwamba kozi hii haiwafai waliotoka shule za kata. Nilipata A. Sijamsahau, na sijifanyi nimemsahau.

Wenzangu walibebana na madesa. Mimi kila protini niliiuliza swali moja: ukiondolewa wewe, kazi inakwama wapi?

eIF2, ikiwa na GTP (molekuli inayobeba nishati), huleta tRNA, yaani kibebaji cha asidi amino, yenye methionini kwenye kipande kidogo cha ribosomu, 40S. eIF4E hushika kofia ya mRNA, yaani alama iliyo mwanzoni mwake; eIF4A hufumua mikunjo yake. eIF4G ndiyo inayozishikanisha, na papo hapo imeshikana na eIF3 iliyokaa kwenye 40S. Sasa mtazame kirusi cha polio: kimeng'enya chake huikata eIF4G, upande wa 4E ukabaki peke yake. mRNA za seli zinabaki na kofia isiyovuta ribosomu, huku RNA ya kirusi, isiyohitaji kofia, ikiendelea kutafsiriwa. Ukishaelewa hapo, hata uamshwe usiku wa manane utaieleza 4G.

Ribosomu ikifika AUG, herufi tatu za mRNA zinazosema "anzia hapa", eIF1 inaachia, GTP ya eIF2 inavunjwa kwa msaada wa eIF5, kisha eIF5B inaunganisha kipande kikubwa, 60S. Hiyo kwenye pepa ni kuandika tu.

Alama zinapotea kwenye eIF2B. Hiyo huiondolea eIF2 ile GDP, yaani GTP iliyokwisha vunjwa, ili ipate GTP nyingine. Seli ikikosa asidi amino au ikivamiwa na virusi, eIF2 hutiwa fosfeti kwenye serini (asidi amino) ya 51 ya kijisehemu chake cha alfa, ikaing'ang'ania eIF2B isiiachie. Na eIF2B ni chache kuliko eIF2, kwa hiyo fosfeti kidogo tu inapunguza utengenezaji wa protini seli nzima. Nilijaza ukurasa kwa hilo, aliyenidharau akasahihisha mwenyewe.

Vijana, mnapiga picha slaidi mia halafu mnalalamikia sapu! Chukua karatasi tupu, chora, futa protini moja, eleza kinachoharibika. Kesho futa nyingine. Ukikwama kwenye eIF3, iruke kwanza: kwa binadamu ina vijisehemu 13, na sijaona pepa ya mwaka wa pili inayovitaka vyote.