Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujayasahihisha Mapishi ya Bibi Yako

Kwa mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa Tanga. Sote wazima, alhamdulillahi, na barua yako nimeipata. Umenieleza kwamba tangu upate nakala ya daftari la mapishi la bibi yako umeanza kununua vitabu vya zamani vya upishi katika maduka ya mitumba ya huko Leicester, na kwamba mkate wa mayai uliopika kwa kulifuata daftari ulitoka mzito na wenye shombo. Ukaniuliza: je, uyasahihishe mapishi ya zamani kabla ya kuyapika, au uyafuate yalivyo hata pale yanapoonekana kuwa na kasoro?

Yapike yalivyo kwanza, mwanangu, lakini kabla ya kuwasha moto hakikisha umejua yanasema nini. Bibi yako hakumwandikia mgeni. Alijiandikia mwenyewe na mabinti waliokuwa wakishinda naye jikoni, kwa hiyo aliandika yale tu yaliyoweza kusahaulika. Tazama ukurasa wenyewe: "Mayai 8, sukari kikombe, unga kikombe, hiliki, moto juu na chini." Hakuandika kwamba mayai yanapigwa pamoja na sukari mpaka yawe meupe na mazito, hata ukiinua mchapo ule mchirizi unaodondoka ubaki juu kidogo kabla ya kuzama, kwa sababu hakuna aliyekuwa pale asiyelijua hilo. Mkate huo hauna hamira wala beking poda. Unaumuliwa na pumzi iliyoingizwa kwenye mayai kwa kupigwa, na ndiyo maana unga hutiwa mwishoni, kidogo kidogo, na kuchanganywa kwa mkono mwepesi.

Sasa nikujibu kuhusu shombo. Umesema ulitumia kikombe kidogo cha chai kama chake, na hapo ulifanya vizuri, kwani kikombe kimoja kikipima sukari na unga, uwiano wa hivyo viwili haupotei. Kilichokuponyoka ni mayai. Bibi yako alitumia mayai ya kuku wa kienyeji, ambayo yana gramu 40 hivi kila moja, yaani mayai 8 yanakaribia gramu 320. Mayai ya dukani huko Uingereza yanayouzwa kama makubwa yana gramu 63 hadi 73, hivyo matano tu yanatosha, nawe ulitia manane. Maandishi hayakuwa na kosa lolote. Ungeyasahihisha kwa kuongeza unga na beking poda, kama ulivyokusudia, ungepata keki nyingine kabisa na ungeendelea kuamini kwamba bibi yako hakujua kupima.

Vipimo ndivyo vitakavyokusumbua zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ratili ni gramu 454, na wakia ni gramu 28. Kibaba hupima ujazo, na vibaba 4 hufanya pishi 1. Pishi ya mchele ina ratili 6 hivi, kwa hiyo kibaba kimoja cha mchele kinakaribia gramu 680. Lakini uangalie sana kama kibaba ni cha mfuto, yaani kilichopanguswa juu kikawa sawasawa na ukingo, au ni cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu, kwa sababu tofauti hiyo inatosha kuharibu bokoboko la watu wengi. Wamarekani nao walikuwa na shida hiyohiyo ya vijiko na vikombe mpaka Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alipotoa kitabu chake cha mapishi mwaka 1896 na kusisitiza kwamba kila kipimo kipanguswe kwa kisu. Katika vitabu unavyovinunua, kwanza tazama kilichapishwa wapi: painti ya Uingereza ina mililita 568, ya Marekani ina 473, na mchuzi ulioandikiwa moja hautakuwa sawa ukipimwa kwa nyingine.

Mahali pa kuchapishwa pana jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Umeniambia unakitafuta kile kitabu cha walowezi wa Kenya kilichotolewa Nairobi mwaka 1928 na chama cha wanawake wa Kanisa la St Andrew's. Kikipatikana, kinunue, ila ukumbuke kwamba Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 za Selsiasi, na keki huumuka upesi kuliko pwani, kwa hiyo kiasi cha beking poda kilichotosha Nairobi kinaweza kuwa haba kwako. Na ukikisoma, usisahau kwamba katika nyumba nyingi za walowezi waliosimama jikoni siku zote walikuwa wapishi Waafrika, na majina yao hayakuandikwa. Mimi hilo linaniuma, na linanifanya nilithamini zaidi daftari lililoandikwa na mpishi mwenyewe kwa mkono wake.

Kuhusu moto, maneno "juu na chini" yana maana ya makaa machache chini ya sufuria na mengi zaidi juu ya mfuniko. Katika oveni yako weka nyuzi 180, au 160 kama ina feni. Vitabu vya Kiingereza vinavyotaja oveni ya moto wa wastani vinakusudia hizohizo 180, ambazo ni 350 za Farenhaiti.

Tui la kopo nalo litakusumbua pale daftari linaposema "mpaka tui litoe mafuta". Makopo mengi hutiwa vitu vya kuzuia tui lisijitenge, kwa hiyo unaweza kukoroga mpaka usiku na mafuta usiyaone. Tafuta kopo lenye nazi na maji peke yake, au ununue nazi ukune.

Kuna pahala pamoja tu ambapo nakuomba usikitii kitabu. Vitabu vya zamani vinafundisha kuhifadhi nyama, maharage na mboga kwenye chupa zilizochemshwa ndani ya sufuria ya maji. Usifanye hivyo kabisa. Mbegu za kijidudu cha botulismi hazifi kwenye nyuzi 100, na sumu yake yaweza kuua hata kama chakula hakijabadilika harufu wala sura. Vilevile, ukipata sufuria ya shaba ya zamani, usipikie kitu chenye ndimu, siki au ukwaju mpaka utakapohakikisha kwamba bati la ndani halijachubuka.

Ukishapika mara ya kwanza kama ilivyoandikwa, hapo una haki ya kubadilisha, na hata bibi yako alibadilisha, kwani pilau yake ina mistari miwili iliyokatwa na kuandikwa upya. Lakini mabadiliko yako yaandike kwenye daftari lako, pamoja na tarehe, uzito kwa gramu na aina ya mayai. Vitabu unavyonunua usivigandishe kwa selotepu, maana gundi yake huila karatasi, na kilicho na unyevu kikaushe kwa upepo, mbali na jua kali.

Ukurasa wa achari ya ndimu nimeuona kwamba haukutoka vizuri kwenye nakala yako. Mama yako mdogo atakuja hapa Ijumaa, nami nitamsomea tuulinganishe na anavyoipika yeye, kisha nitakutumia. Wewe pika tena mkate kwa mayai matano, upime uzito wa unga ulioingia katika kile kikombe chako, na uniandikie, kwa sababu humu ndani hakuna ajuaye kikombe cha bibi yako kilikwenda wapi.

Ni mimi,
Mama yako