Maji yanaumwa nini?

Msomaji anaandaa kipeperushi cha mradi wa majitaka. Anauliza: “Bakteria wanakula naitrojeni, au zinakula? Na kichwa changu, ‘Matibabu ya Kibiolojia ya Majitaka kwa Umeme Kidogo’, kimekaa sawa?”

La kwanza jepesi. Wanakula, ni viumbe hai. Umbo la jina lisikutishe, mbona simba hana m- wala wa- na bado anakula.

Sasa hicho kichwa. Matibabu! Maji yanaumwa nini? Tibu tumelipata kwa Waarabu pamoja na tabibu. Mgonjwa tulikuwa naye wenyewe, na tangu hapo hajawahi kuwa maji ya chooni. Nguo ikiingia tope tunaifua. Sufuria likishika masizi tunalisugua, sakafu tunaipiga deki, nazi tunaichuja. Lugha yenye vitenzi vyote hivyo vya usafi imefika kwenye bomba la majitaka ikaita daktari! Nimewahi kuona kibao: “Maji yaliyotibiwa”. Nikajiuliza kama yameruhusiwa kwenda nyumbani au yanarudi kliniki wiki ijayo.

Yaliyomo ndani ya kipeperushi nayo hayana harufu ya hospitali. Unaeleza mtambo wa majitaka wa Dokhaven, Rotterdam, Uholanzi, ambako mwaka 2002 waliwasha tangi kubwa la kwanza la bakteria waitwao anamoksi. Kwa njia ya zamani, amonia yote, ambamo naitrojeni ya majitaka imo, hupulizwa hewa mpaka ishike oksijeni na kuwa naitrati, na mashine za kupuliza ndizo zinazomeza umeme. Hapa hupulizwa kiasi cha nusu tu, tena inaishia njiani, kwenye naitriti, kabla ya kufika naitrati. Anamoksi, wekundu na wasiotaka oksijeni, huunganisha naitriti hiyo na amonia iliyobaki, ikatoka gesi ya naitrojeni na kurudi hewani. Hitaji la hewa hushuka kwa takriban asilimia 60. Hawana haraka: huchukua kama siku 11 kuongezeka maradufu, na tangi lile lilihitaji zaidi ya miaka 3 kukaa sawa. Dawa iko wapi humo?

Penye klorini sigombi. Watu husema “maji yametiwa dawa”, na kweli yametiwa.

Wewe andika “Kusafisha Majitaka kwa Bakteria na Umeme Kidogo”. Mhandisi wako akishikilia matibabu yake, mwulize wodi iko upande gani.