Maji ya mvua hayana mita: nani alipie mtaro wa mtaa wetu?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya mafuriko katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam. Tuna nyumba kama 800. Kila masika maji yanaingia ndani mpaka yanafika kwenye magodoro. Mtaro tulionao una upana wa sentimita 60 na kina hichohicho, na umejaa mchanga. Tukiuliza tunaambiwa bajeti haitoshi. Wajumbe wamependekeza kila nyumba ichange shilingi 20,000 tujenge mtaro mkubwa wenyewe, lakini wengine wanagoma. Wanasema kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU tukinunua umeme, na kwenye mafuta tunatozwa fedha ya barabara. Mtaro wa maji ya mvua unatakiwa ulipiwe na nani? Na miji ya wenzetu inazipata wapi hizo fedha?

JIBU: Marahaba, katibu. Nitaanza na maji, fedha baadaye. Kwenye mitaro watu hukimbilia fedha kwanza, ndiyo maana zege linamwagwa na magodoro yanaendelea kulowa.

Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120 za bati. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo kwa Dar es Salaam ya mwezi wa nne si kioja, inashusha juu ya bati hilo lita 6,000, yaani matangi sita ya lita elfu. Zidisha kwa nyumba 800: mita za ujazo 4,800 ndani ya saa moja, au kama mita za ujazo 1.3 kila sekunde. Hapo sijagusa barabara, wala nyua zilizotandikwa pavingi, wala maji yanayowashukia kutoka mitaa ya juu. Mtaro wenu, ukiwa safi na mteremko ukiwa mzuri, maji yakikimbia mita moja na nusu kwa sekunde, unapitisha mita za ujazo 0.54. Ukijaa mchanga hadi nusu, unapitisha chini ya nusu ya hizo. Kwa hiyo hata ukizibuliwa leo, hautoshi kwa mabati peke yake. Mngehitaji mitaro ya namna hiyo miwili na nusu.

Sasa michango yenu. Nyumba 800 mara 20,000 ni milioni 16, na hapo nimehesabu kwamba kila mtu atatoa, jambo ambalo wewe kama katibu unajua halitokei. Fedha hiyo itajenga kipande. Na mimi kipande nakiogopa kuliko kukosa mtaro, kwa sababu kinayakusanya maji yaliyokuwa yametawanyika na kumkabidhi jirani wa chini yakiwa na kasi. Nimewahi kusimamia mtaro mzuri wa mawe uliokoma kwenye mpaka wa kata, kwa kuwa bajeti iliishia hapo. Masika ya kwanza ukuta wa mtu ulilala chini. Mkandarasi alikuwa ameshalipwa, mimi ndiye niliyekwenda kusikiliza matusi, na nilistahili.

Turudi kwa wanaogoma, maana wana hoja nusu. Mtaro ulio kando ya barabara ni sehemu ya barabara. Kama barabara ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, mtaro ni wao. Kama ni ya mtaa, ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017. Hawa wote wanalishwa na Mfuko wa Barabara unaotokana na mafuta. Mgawo ulipopangwa, TANROADS walipewa asilimia 70 na TARURA 30. Katika mwaka wa fedha 2021/22 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo kweli, mwenye bodaboda anapojaza mafuta amekwisha changia mtaro. Tatizo ni kwamba fedha hiyo inaulizwa kwanza na barabara yenyewe: mashimo, changarawe, makalavati. Mtaro hupata kilichobaki.

Mtaro unaopita katikati ya nyumba, mbali na barabara, hali yake ni mbaya zaidi. Huo ni wa halmashauri, na halmashauri haina fungu la kudumu lililoandikwa jina lake. DAWASA wanashughulika na maji safi na majitaka, ya mvua hayawahusu, ingawa watu wakitapisha vyoo wakati wa mvua hayo mawili huwa kitu kimoja. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Tone moja linaweza kupita mikononi mwa ofisi nne kabla ya kuiona bahari.

Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, inakatwa kupitia LUKU. Haikuandikwa popote kwamba ni ya mitaro. Halafu inatozwa kwa kufuata nyumba na ghorofa, haiangalii ukubwa wa paa wala uwanja uliosakafiwa. Ghala kubwa la chini lenye uwanja wa zege wa kugeuzia malori linaleta maji mara arobaini ya nyumba yako, na kodi haitambui tofauti hiyo.

Fedha kubwa za kujenga basi zinatoka wapi? Kwa Dar es Salaam jibu fupi ni mikopo nafuu. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300, ndio uliojenga sehemu kubwa ya mitaro mikuu mnayoiona Kinondoni, Ilala na Temeke. Bonde la Msimbazi likapata mradi wake 2022: dola milioni 200 kutoka benki hiyohiyo, pamoja na fedha za Uhispania na Uholanzi. Hakuna halmashauri ambayo ingeweza kuzitoa fedha hizo mfukoni. Wala si anasa, kwani mafuriko ya Aprili 2018 peke yake yalikadiriwa kuzitia kaya za Dar es Salaam hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Lakini mkopo hujenga na kuondoka. Haumlipi kijana wa koleo na toroli atakayeutoa mchanga miaka mitano baadaye. Ukiniuliza kwa nini mitaro yetu hufa, sitakutajia ujenzi, nitakutajia koleo.

Mimi nikikadiria mtaro, huwa naongeza asilimia 2 hadi 3 ya gharama yake kila mwaka kwa usafi na ukarabati. Mtaro wa milioni 300 unataka milioni 6 hadi 9 kila mwaka, maisha yake yote. Nikiliweka hilo mezani kwenye kikao, watu huangalia simu zao.

Linganisha na maji ya bomba. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, walitoa hatifungani, yaani walikopa kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5, muda wa miaka kumi, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kilichotakiwa. Kwa nini waliwaamini? Kwa sababu kila mwezi kuna mita inasomwa na ankara inalipwa. Mwekezaji anaiona fedha ya kumrudishia. Mtaro wa mvua hauna mita, hauna mteja, hauna ankara. Leo halmashauri ikitaka hatifungani ya mitaro, swali la kwanza sokoni litakuwa: mtalipa kwa fedha ipi?

Hapo ndipo miji ya wenzetu ilipopata ujanja: mita waliiweka kwenye paa. Bellevue, jimbo la Washington nchini Marekani, walianza 1974 kuyaendesha maji ya mvua kama huduma yenye ada yake. Mfano ninaoupenda ni Philadelphia, hukohuko Marekani. Zamani ada ya mvua kule ilifuata ukubwa wa mita ya maji ya bomba, hivyo uwanja wa kuegesha magari usio na bomba haukulipa hata senti, huku jengo lenye mita kubwa likibebeshwa mzigo wa maji ambayo halikuyaleta. Kuanzia 2010 wakabadilisha kwa majengo ya biashara na taasisi, ada ikafuata eneo la kiwanja na sehemu yake isiyonyonya maji: bati, lami, zege. Nyumba za kawaida zinalipa kiwango kimoja. Mwenye kiwanja akichimba shimo la kunyonya maji au akibomoa zege na kupanda majani, anapunguziwa ankara. Wenye viwanja vya magari walipiga kelele, kisha wengine wakaanza kuondoa lami.

Nisikufiche upande wa pili. Jimbo la Maryland walipotunga sheria ya ada kama hiyo 2012, wapinzani waliibatiza "kodi ya mvua". Jina likashinda hoja, na 2015 ulazima wake ukaondolewa. Houston wananchi waliipitisha ada ya mitaro kwa kura 2010. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema maneno kwenye karatasi ya kura hayakumweleza mpiga kura waziwazi kwamba atalipa, ikabidi kura irudiwe 2018. Nasi tuna historia yetu na tozo, huhitaji kukumbushwa.

Kwetu ingewezekana? Kiufundi ndiyo, na mapema kuliko watu wanavyodhani. Ramani za majengo ya Dar es Salaam zipo. Ramani Huria, iliyoshirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuanzia 2015, ilichora nyumba na mitaro nyumba kwa nyumba. Tuseme ada ni shilingi 10 kwa mita ya mraba kwa mwezi. Tarakimu hii ni yangu, ya kufanyia hesabu tu. Nyumba ya mita 120 italipa 1,200. Ghala la mita 5,000 pamoja na uwanja wake litalipa 50,000. Nyumba zenu 800 zingeleta milioni 11 na nusu kwa mwaka, zinazotosha kuutunza ule mtaro wa milioni 300. Kuujenga kwa fedha hiyo kungechukua miaka 26. Ndiyo maana nasema mkopo ujenge, ada itunze, na msichanganye vyungu. Kisheria, halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikatoza. Inahitaji sheria ndogo iliyoidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Na fedha ikiingia kwenye kapu kuu la halmashauri badala ya akaunti yake yenyewe, mimi mwenyewe nitagoma pamoja na wajumbe wako.

Mpaka hapo itakapofika, fanyeni hivi. Msimwage zege. Changeni 5,000, siyo 20,000, kwa hiari na kwa risiti, mzibue mtaro mlio nao kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Mchanga upakiwe kwenye lori siku ileile, maana ukilundikwa kingoni mvua ya kwanza inaurudisha. Jengeni visima viwili vya kukamatia mchanga kule maji yanapoingilia, na nondo za kuzuia chupa. Kilichobaki mlipeni mpima awape mteremko wa mtaro kuanzia juu hadi unapotolea maji, pamoja na orodha ya kuta na vyoo vilivyojengwa juu yake. Kama unatolea mtoni, kumbukeni zile mita 60 kutoka ukingo wa mto ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inazilinda.

Karatasi hiyo ndiyo silaha yenu. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mipango hukusanywa kutoka mitaani miezi mingi kabla. Ombi linalofika Machi, mvua zikiwa zimeanza, hupokelewa kwa pole na kuwekwa kando. Lenu lipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mwezi wa kumi. Mpeni diwani nakala, na meneja wa TARURA wa wilaya nakala, mkiandika waziwazi kipande kipi kipo kando ya barabara na kipi kipo katikati ya nyumba, ili kila mmoja asome cha kwake na asimsukumie mwenzake.

Na mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, mtume kijana mwenye chaki akaweke alama ukutani pale maji yalipofika, nyumba kwa nyumba, aandike na saa. Mpima hana uwezo wa kuwapa alama hizo.