Kijana ameanguka mbele ya kamera yangu: nilitakiwa kufanya nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi hupiga picha za waendesha pikipiki Jumapili asubuhi kwenye kona za barabara ya kutoka Pugu kupanda Kisarawe, na wengi wao hunilipa kwa picha hizo. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliacha lami kwenye kona ya kulia akaanguka hatua chache kutoka niliposimama. Hakuwa na mwendo mkubwa kuliko wenzake waliopita salama. Kamera ilipata picha saba mfululizo, nakutumia zote. Baada ya hapo niliganda. Niliogopa kumgusa nisije nikamvunja shingo. Wenzake walinitukana kwamba napiga picha mtu akifa. Yuko hai, amevunjika mtulinga. Naomba kujua kwa nini alianguka, na je, mpiga picha anatakiwa kusaidia?
Msomaji, Gongo la Mboto

Jibu: Marahaba mwanangu. Pole kwa uliyoyaona, na mpe pole kijana huyo.

Nianze kwa kukuondolea lawama isiyo yako. Picha saba mfululizo ni kama sekunde moja na nusu ya kidole kilichokuwa tayari kwenye kitufe. Hakuna binadamu ambaye angemdaka ndani ya muda huo. Yapo mambo ya kukuuliza, lakini ni ya kabla ya picha ya kwanza na ya baada ya picha ya saba.

Nimezikuza picha zako moja moja. Katika ya kwanza yuko vizuri, pikipiki imelala kiasi na magoti yamebana tangi. Ya pili ndiyo yenye habari yote. Kikanyagio bado kiko juu ya lami kwa zaidi ya upana wa kiganja, maana yake alikuwa na nafasi nzuri ya kuilaza zaidi. Lakini uso wake hauangalii kona inakokwenda. Anakutazama wewe. Ya tatu, vidole vinne vimekamata breki ya mbele, shokapu zimezama, na pikipiki imeanza kusimama wima. Ya nne na ya tano inakwenda mstari ulionyooka kukuelekea. Ya sita gurudumu la mbele limeingia mchanga wa pembeni. Ya saba yuko chini.

Pikipiki hufuata macho ya anayeiendesha. Nimewafundisha bodaboda hili kwa miaka mingi, na bado ndilo somo linalosahaulika haraka kuliko yote. Ukikodolea shimo utaingia shimoni, ukikodolea lori utalifuata lori. Wewe ulisimama nje ya kona, ukingoni kabisa karibu na mtaro, na kamera kubwa usoni. Kijana alitaka picha nzuri, akageuza uso kwako, mikono ikafuata macho. Alipoona lami inakwisha akashtuka, akabana breki. Ukibana breki ya mbele pikipiki ikiwa imelala, hujiinua na kutaka kwenda moja kwa moja, na moja kwa moja kwa kona ya kulia hapa kwetu tunakoendesha kushoto ni pembeni mwa barabara, kwenye mchanga. Ingekuwa kona ya kushoto, angevuka kwenda upande wa magari yanayokuja. Hapo leo tungezungumza mengine.

Kuhusu mwendo, upo sahihi. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 30. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inahitaji kulala nyuzi 23 hivi kutoka wima, jambo ambalo hata pikipiki ya kawaida ya bodaboda yenye tairi nzima inalimudu. Kwa kilomita 60, kona ileile inadai nyuzi 43. Mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini mshiko unaodaiwa kwa tairi umepanda zaidi ya mara mbili, na hapo hata lami kavu inakaribia mwisho wa uwezo wake. Kwenye mchanga uliomwagika kutoka kwenye malori, au dakika za kwanza za mvua vumbi na oili vinapochanganyika, hata kilomita 40 ni nyingi. Kijana wako alikuwa karibu na 45 kwa kukadiria. Kona ile ilikuwa inapitika.

Alitakiwa kumaliza breki kabla ya kona, wakati pikipiki bado imesimama. Ndani ya kona, ashike mafuta kidogo bila kuyafunga ghafla, macho yaende mbali kona inakoishia, na kama anaona anatoka nje, asukume hendeli ya kulia kwenda mbele. Ndiyo, ya kulia kwa kona ya kulia. Wengi hunibishia mpaka wajaribu uwanjani kwa mwendo wa wastani. Ukisukuma kulia, pikipiki inalala kulia na kugeuka kulia.

Sasa wewe. Ukitaka kuendelea na kazi hii, na sina sababu ya kukukataza, hama. Simama upande wa ndani wa kona, mbele kidogo inapoishia, juu ya gema na mbali na ukingo. Anayeteleza kwenye kona hutupwa nje, kwa hiyo ndani una usalama zaidi. Tena akikutazama, atakuwa anatazama kulekule anakotakiwa kutazama. Zima taa ya kamera. Na kabla ya pikipiki ya kwanza kupita, tembea kona nzima kwa miguu. Ukikuta mchanga, ufagie. Ukikuta oili, simamisha watu uwaambie. Wewe unaijua kona ile kuliko yeyote anayepita kwa sekunde nne.

Je, unatakiwa kusaidia? Ndiyo, na naomba unisikie vizuri: mguu wako wa kwanza usimwendee aliyeanguka. Uwaendee wanaokuja. Kona imemficha, na pikipiki ya nyuma au lori la mchanga linaweza kumkuta lamini. Mtume mtu upande wa juu na mwingine upande wa chini, mita mia moja au zaidi, wapunge nguo na kuweka matawi barabarani. Kila dereva wa nchi hii anajua matawi yanasema nini. Kisha zima pikipiki, funga koki ya mafuta, na asiwepo wa kuwasha sigara.

Ndipo umwendee. Mwite. Akijibu, mwambie asisogeze shingo, shika kichwa chake kwa mikono miwili kama kilivyo, na uendelee kuzungumza naye. Kama damu inatoka kwa wingi, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuchungulia chungulia. Helmeti iache kichwani maadamu anapumua vizuri. Fungua kioo tu. Kama hapumui, hofu ya shingo inakaa nyuma: watu wawili waivue, mmoja ameshikilia shingo na taya, mwingine akiivuta taratibu, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi mbili, unarudia. Usimpe maji. Usimruhusu yeyote amkalishe.

Piga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Najua Dar es Salaam gari la wagonjwa linaweza kuchelewa na watu watataka kumpakia mshikaki, katikati ya dereva na mwingine wa kumshikilia. Hilo likatae kwa sauti kubwa. Nimeona mtu aliyekuwa akichezesha vidole vya miguu barabarani akifika hospitali havichezi tena. Tafuteni gari la kumlaza, hata pikapu, mumwinue watu watano au sita kama ubao mmoja, na anayeshika kichwa ndiye atoe amri. Msisubiri PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ndipo muondoke. Mtu aokolewe kwanza, fomu itafuatwa.

Dereva aliyehusika kwenye ajali anabanwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 kusimama na kutoa taarifa. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: anayeweza kumsaidia mtu aliye hatarini akaacha, anashtakiwa. Binti Mfalme Diana alipopata ajali Paris mwaka 1997, wapiga picha waliokuwapo walichunguzwa kwa kosa hilo pia, ingawa kesi ilifutwa mwaka 1999. Kwangu mimi suala haliishii kwenye sheria. Wewe ulikuwa mtu mzima wa karibu kuliko wote, na mikono yako ilikuwa mizima.

Hofu uliyokuwa nayo haikutokana na roho mbaya. Hukuwa umefundishwa. Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Nenda kabla ya kurudi kwenye kona.

Picha zenyewe usizirushe kwenye magrupu. Zihifadhi kama zilivyo, kwani polisi wanaweza kuzihitaji, na siku nyingine daktari wa dharura akionyeshwa jinsi mtu alivyoanguka atajua pa kutafuta jeraha lisiloonekana. Kisha mtembelee kijana, bila kamera, umpelekee yote saba. Mwanzishie na ya pili.