Je, maandamano dhidi ya vita vya Iraki yalisaidia chochote?

Ndugu yangu, umeuliza kuandamana kuna faida gani ikiwa Uingereza iliingia Iraki mwaka 2003 licha ya watu kujaa barabarani. Swali lako ni la haki.

Tazama kwanza jinsi vita vile vilivyouzwa kwa wananchi. Septemba 2002 serikali ya Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, ilitoa waraka uliodai kuwa Iraki ingeweza kuandaa silaha za maangamizi ndani ya dakika 45. Dakika 45! Nani asingeogopa? Hofu ikishapandwa, anayedai ushahidi huonekana msaliti. Hata hivyo, tarehe 15 Februari 2003 London ilifurika. Polisi wenyewe walikadiria watu 750,000, na waandaaji wakataja idadi kubwa zaidi. Waziri Robin Cook akajiuzulu kwa kupinga vita, na wabunge 139 wa chama cha Blair wakapiga kura kumpinga. Vita vikaanza siku chache baadaye. Silaha zile hazikupatikana.

Lakini usiishie hapo. Agosti 2013 waziri mkuu wa wakati huo, David Cameron, alipoomba idhini ya kuishambulia Syria, Bunge lilikataa kwa kura 285 dhidi ya 272, na jina la Iraki lilirudiwarudiwa katika mjadala. Naamini kabisa kuwa bila kelele za 2003 kumbukumbu hiyo isingekuwa na nguvu kiasi kile. Mwaka 2016 ripoti ya Chilcot, yaani uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraki, ikathibitisha kuwa njia za amani zilikuwa hazijamalizwa. Kinachoniuma ni kwamba Wairaki walikuwa wameshazika maelfu kwa maelfu.