Mwanangu, swali lako la karata

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, na sisi sote huku Lamu wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza jambo moja: uendelee kuihangaikia ile pasi, ule ufundi wa kubadilishana kwa siri fungu la juu na la chini la karata, au uiache na utumie njia nyepesi, ile ya kukata mara mbili, yaani kutoa karata chini na kuziweka juu waziwazi mara mbili, maadamu mtazamaji anaona mwisho uleule, kwamba karata aliyoichagua na kuirudisha katikati imepanda juu. Unasema vidole vimekukataa, na arusi ya binti ya ami yako inakaribia, nawe umeombwa uwachangamshe wageni.

Nitafika huko. Kwanza niambie, mkono unapofanya kazi, wewe unatazama wapi?

Hukuniuliza hilo, najua. Lakini ndilo ninalolijua mimi. Karata sijazichanga maishani mwangu, ila siku nenda siku rudi nilikaa mbele ya mjomba wako pale kiwandani, uani ndani ya nyumba yetu, taa ya chemni katikati yetu, babu yako amelala au anajifanya amelala. Mjomba anafanya, mimi natazama. Nikiona, naguna. Nisipoona, nanyamaza. Kwa hiyo ninapokwambia pasi inaonekana wapi, usidhani mama anabahatisha.

Haionekani kwenye karata. Zile zimekaa mkono wa kushoto, ncha ya kidole cha mwisho imepenya baina ya mafungu mawili. Mkono wa kulia unakuja juu kana kwamba unazisawazisha, gumba nyuma, vidole mbele, unalishika fungu la chini. Vidole vya kushoto vimelibana la juu, cha mwisho kikiwa chini yake na vitatu juu, vinalivuta kando. La chini linasimama kwa ubavu, la juu linapita chini yake, vinafunga. Ikifanywa sawasawa mkono wa kulia unafunika yote. Ila nyuma ya mkono ule mishipa hutuna, na vidole vya mbele hushtuka. Mtu hahitaji kuona karata. Akiona mshtuko, basi.

Yule Erdnase wako, aliyetoa kitabu cha ufundi wa karata Chicago mwaka 1902 kwa jina ambalo mpaka leo haijathibitika lilikuwa la nani, mwaka jana ulinieleza alivyoandika: kwamba bado haijabuniwa pasi inayoweza kufanywa mikono imetulia, mtu asing'amue kuwa pana jambo limefanyika. Ulinieleza kwa huzuni. Mimi nilifurahi. Mjuzi wa kazi hiyo ameandika kuwa mkono peke yake hautoshi, na hilo ndilo neno langu siku zote: watu hutazama unapotazama wewe.

Unaandika kwamba mbele ya kioo imekuwa safi kabisa. Mjomba naye alisema hivyo hivyo alipopata kile kioo cha kunyolea. Nikamwambia ageuke anifanyie mimi, nikaiona palepale. Nikakaa ubavuni pake, arudie kwenye kioo, na mimi nimtazame uso. Kila ilipokuwa inataka kutokea, kope zilishuka. Alikuwa akipepesa bila kujijua, ndiyo maana haoni kitu. Acha kioo. Simamisha simu mezani ikurekodi, kisha uitazame asubuhi yake ukiwa umetulia.

Na kasi iache. Karata za miaka ile, upepo wa kusi ukiingia, zilinyonya unyevu wa bahari zikagandana, na mjomba alipojaribu kuwa mwepesi zilimtoka mkononi zikamwagika. Unyevu ule ulimfundisha kwenda taratibu kabla hajataka mwenyewe. Wewe ndiye uliyenionyesha René Lavand, yule Muargentina aliyepoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, akafanya kiinimacho chote kwa wa kushoto, akiwaambia watu kuwa polepole zaidi ya hapo haiwezekani. Mtazame tena. Lakini safari hii usitazame karata, mtazame uso.

Usiku mjomba alioiweza kweli, nilikuwa nashona kofia huku namwangalia. Akaniuliza, "Huo uzi utatosha?" Nikainama kutazama uzi. Nilipoinua kichwa saba ya uru, karata niliyoichagua, ilikuwa juu, nami nangoja bado aanze. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga, babu yako asiamke. Lilikuwa swali la kweli, uzi ulikuwa unakaribia kwisha. Na yeye mwenyewe aliutazama uzi.

Sasa lile la pili. Unalijua nusu, kwa kuwa nyumbani halisemwi.

Ulikuwa usiku wa arusi ya mama yako mdogo. Wanaume wamekaa dakani kwetu, kwenye baraza za mlangoni, kahawa inazunguka, mimi niko tekani, kile kiukumbi cha ndani ya mlango, mlango umerudishwa kidogo. Mjomba akatoa karata. Pakawa na mgeni mmoja, jina lake sitaliandika humu, akachukua moja akairudisha katikati. Mjomba akamuuliza jahazi lao lilitia nanga lini. Yule bwana akainua uso ajibu, na katika kujibu, kwisha. Karata ikatoka juu. Baraza zima likapiga kelele, na babu yako, aliyekuwa hataki karata nyumbani mwake kwa kuogopa kamari, nilimwona kwa macho yangu akivuta kikoi akajisogeza karibu.

Mgeni akasema, "Rudia."

Mjomba akarudia. Safari hii hakuuliza kitu. Alishusha macho akautazama mkono wake, na yule mtu akamdaka kifundo. Karata zikamwagika mpaka kwenye vidato. "Huu ni mkono wa mcheza kamari," akasema, mbele ya babu yako, mbele ya mashemeji wapya.

Mjomba wako hakuwahi kula senti ya mtu. Lakini toka siku ile, jioni wenzake wakicheza karata, akiketi tu, mmoja atazikusanya, waanze kuzungumza bei ya samaki. Watu aliokua nao! Hakuna aliyemwambia ondoka. Walimaliza mchezo tu kila alipofika, mpaka akaacha kufika. Hata leo nikipita pale dakani damu hunichemka.

Na nakwambia yule mtu hakuona karata yoyote. Ningeiona mimi. Alimdaka kwa sababu mjomba aliutazama mkono wake. Watu hutazama unapotazama wewe.

Au pengine kosa lilikuwa kurudia. Nimelifikiri hilo mara nyingi. Lakini mbona ulinisimulia habari ya Dai Vernon, yule bingwa wa karata, aliyemrudia Houdini, mfanya kiinimacho maarufu, karata ileile tena na tena mwaka 1922, na Houdini, aliyejigamba kuwa akionyeshwa mara tatu ataujua mchezo wowote, asiambulie kitu? Basi kurudia peke yake hakuui. Au pengine yule bwana alikuja kudaka tangu mwanzo, na angemdaka hata kama mjomba angekuwa anamimina kahawa. Ikiwa ndivyo, pasi au si pasi ni mamoja, na wewe chukua hiyo njia yako nyepesi upumzike.

Lakini hapana. Ukikata mara mbili, mtu ameona umekata. Hajui kitu, ila ameona mikono ikitembea, na akienda kulala atasema moyoni, pale ndipo alipofanya. Mimi usiku ule wa uzi sikuwa na "pale". Sijapata "pale" mpaka leo, na ninajua kila kidole kilipokuwa. Furaha ile sijui kama njia nyepesi inaweza kumpa mtu.

Tena wageni wa arusi wana watoto magotini na sahani za pilau, hawatafuti furaha yangu ya kiwandani. Kwao kukata mara mbili kunatosha sana, na jina lako litabaki salama. Hilo nalo nalijua.

Ukinibana nitasema. Usinibane. Mjomba wako aliniuliza swali kama hili kabla ya usiku ule, nami nilikuwa na jibu langu tayari, na ninalo bado, lakini mkono ni wako na watu watakaokaa mbele yako ni wa ukoo wako.

Fanya hivi. Mkalishe dada yako mbele yako, simu iwe nyuma ya bega lake, urefu wa macho ya mtu aliyeketi. Arudishe karata katikati, umuulize jambo la kweli linalotaka jibu, na umtazame yeye anapojibu. Urekodi pasi, kisha urekodi ile nyepesi, na kila moja uifanye kama vile ndiyo pekee unayoijua. Nitumie zote mbili kabla ya Ijumaa, wala usiniambie ipi ni ipi kwa jina. Nitakazoziona nitaguna, kama zamani, na nitakuandikia ni sekunde gani niliguna.

Mamako