Bouguereau hakuwa fundi wa sura laini tu

Ndugu yangu, umeuliza kama Bouguereau, yule mchoraji Mfaransa, alijua kulainisha ngozi tu, na kwamba picha zake hazina uchungu ndani. Hapo nakukatalia kabisa.

Kweli, alama ya brashi huioni. Ndivyo akademia ya Paris, chuo cha sanaa, ilivyofundisha: michoro ya penseli kwanza, kisha kuusoma mwili wa mtu aliyesimama mbele yako, kujaribu rangi pembeni, ndipo uguse turubai kubwa. Mzaliwa huyu wa La Rochelle, Ufaransa (1825), alishinda tuzo ya Prix de Rome mwaka 1850 akaenda kusoma Italia.

Lakini itazame Pietà yake ya 1876, yaani picha ya Maria akimlilia Yesu aliyekufa. Maria kavaa nguo nyeusi, kamkumbatia Yesu kifuani, macho mekundu kwa kilio, anakukazia wewe. Mwaka mmoja kabla, Bouguereau alimzika mwanawe Georges, bado kijana mdogo. Chini kwenye picha kuna chombo, na juu yake kaandika kwa Kilatini kumbukumbu ya mtoto huyo. Mwaka 1877 akafiwa na mkewe pia.

Ikuze hiyo picha kwenye simu, uangalie macho ya yule mama kwanza.